Usiagize oolong kwa jina tu: uliza mlima, uliza moto

Wiki haipiti bila mtu kunitumia ujumbe: "Ukija niletee ile chai ya Wachina, oolong." Namuuliza, ipi? Anajibu, oolong tu. Hapo tunakuwa kama mtu aliyetumwa Feri alete "samaki". Atarudi na dagaa au atarudi na papa, na hajakosea, maana wote ni samaki. Oolong ndivyo ilivyo. Kuna inayonukia kama asumini iliyochumwa magharibi, kuna inayonukia mdalasini na makaa, kuna yenye utamu wa asali, na ukizipanga mezani vikombe vitatu, mtu asiyezijua hataamini kuwa zimetoka kwenye mti wa namna moja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Niliishi Xiamen, mkoani Fujian, miaka sita, na sasa nafanya ukalimani Guangzhou kwa wafanyabiashara wa nyumbani wanaokuja kufunga mizigo. Chai niliijulia mezani kwa mwenye nyumba wangu wa Xiamen, mzee ambaye maji yake yalikuwa jikoni tangu alfajiri. Nikienda kulipa kodi, pesa hakuzipokea kabla sijakaa. "Lim te," ananiambia kwa lugha yao ya Minnan: kunywa chai. Hiyo "te" ndiyo Waholanzi waliyoibeba kutoka pwani ile, ikawafikia Waingereza na Wafaransa. Sisi tuna "chai" kwa sababu neno letu lilipita njia nyingine, ya "cha", likaja kupitia Uajemi. Basi nilikaa nikanywa, mwaka baada ya mwaka, na nilichokipata kwenye meza ile ni hiki: jina la chai halitoshi kukuambia utakunywa nini. Uliza imetoka mlima gani, na imekula moto kiasi gani.

Mti ni mmoja, uleule unaolimwa Usambara, Mufindi na Kericho. Kinachotofautisha ni kinachofanywa baada ya kuchuma. Majani ya chai ya kijani hutiwa moto mapema, kabla hayajabadilika. Majani ya chai yetu ya rangi husagwa na kuachwa yageuke kabisa. Oolong husimamishwa katikati, na hiyo katikati ni pana: nyingine inasimamishwa karibu na kijani, nyingine karibu na nyeusi.

Mwezi wa kumi mwaka mmoja nilikwenda Xiping, wilaya ya Anxi humo humo Fujian, wakati wa mavuno ya vuli. Majani yalianikwa kwenye jua la alasiri mpaka yakalegea, kisha yakatiwa kwenye pipa refu la mianzi linalozunguka. Yanatikiswa, yanapumzishwa kwenye nyungo, yanatikiswa tena, hivyo hivyo usiku kucha. Kila yanapogongana kingo zinachubuka, na palipochubuka hewa inaingia, panaanza kuwa pekundu. Saa nane za usiku mama mmoja wa pale alinipa jani nilitazame kwenye taa. Katikati kijani, pembeni mstari mwembamba mwekundu, kama jani lililotiwa hina ukingoni. Jioni lilikuwa linanuka nyasi zilizofyekwa. Sasa linanukia maua. Alilinusa, akasema bado. Muda ukapita, akanusa tena, ndipo yakaingizwa kwenye karai la moto ili yasiendelee kugeuka. Kipimo chake kilikuwa pua yake mwenyewe.

Moto huo ni wa lazima kwa oolong zote. Baada ya hapo jani hukunjwa na kukaushwa, halafu kuna moto mwingine, wa kuoka taratibu kwa saa nyingi, na huo si lazima. Hapo ndipo ladha zinapoachana njia.

Kama hujawahi kunywa oolong, anza na Tieguanyin ya Anxi. Jina lake ni Guanyin wa Chuma, Guanyin akiwa yule mtakatifu wa huruma wa Wabudha. Majani yake yanasokotwa yakawa vijidonge vigumu, ukivimimina kwenye kikombe vinalia kama kokoto. Dukani utaulizwa unataka qingxiang au nongxiang, na jibu lako hapo lina uzito kuliko jina la chai yenyewe. Qingxiang ni ile nyepesi isiyookwa: vijidonge vya kijani kibichi, maji ya rangi ya dhahabu iliyofifia, harufu ya okidi inayokufikia kabla hujanyanyua kikombe. Nongxiang imeokwa: vijidonge vya kahawia, maji ya rangi ya kaharabu, ladha ya mkate wa moto na karanga za kukaanga, na utamu unaobaki kooni. Vijana wengi niliowakuta Xiamen wanapenda ya kwanza. Mwenye nyumba wangu alikuwa akisema ya kwanza ni ya pua na ya pili ni ya tumbo, na mimi nimeishia upande wake. Qingxiang nyingi kwenye tumbo tupu inakwaruza.

Uliza pia msimu. Wenyeji wana msemo: maji ya masika, harufu ya vuli. Maana yake chai ya masika ni nzito na laini mdomoni, na ya vuli inanukia zaidi. Kwa zawadi nachukua ya vuli, kwa sababu mtu asiyeizoea hushikwa na harufu kwanza.

Anxi hiyo hiyo ina ndugu wa bei nafuu. Huangjingui ina harufu tamu inayopanda haraka na kushuka haraka. Maoxie, yaani kaa mwenye manyoya, inaitwa hivyo kwa vile vinyweleo vyeupe vya jani lake. Benshan inafanana mno na Tieguanyin, na wapo wanaoiuza kwa jina hilo. Hakuna ubaya kunywa Benshan, ubaya ni kuilipia bei ya nduguye.

Sasa panda kaskazini ya Fujian, kwenye milima ya Wuyi, eneo ambalo UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Hapa mawe ni mekundu, miti imejibanza kwenye mabonde membamba kati ya majabali, na chai yake huitwa yancha, chai ya mwamba. Majani hayafanywi vijidonge; ni marefu, meusi, yaliyosokotwa kama vijiti, na karibu yote yameokwa, kwa desturi kwa makaa. Wenyewe huisifu kwa maneno mawili: mfupa wa mwamba, harufu ya ua. Huo "mfupa" ni uzito fulani unaokaa ulimini, kama unavyolamba jiwe lililolowa mvua, na utausikia hata kikombe kikiwa kimeshaisha. Nakiri hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu wa pwani aanze na Rougui. Neno lenyewe maana yake mdalasini, na si jina la kupamba: ndani ya majani hakutiwa kiungo chochote, lakini mkupuo wa kwanza tu utajikuta unakumbuka sufuria ya pilau. Ni kali, inachoma kidogo kwenye ncha ya ulimi, halafu inageuka tamu. Wauzaji wakisema wana "niurou", nyama ya ng'ombe, usishangae. Wanamaanisha Rougui ya bonde la Niulankeng, jina limekatwa likasadifu kulingana na la nyama. Ni ghali kupindukia, na ukiona inauzwa rahisi, haikutoka bonde hilo.

Shuixian ni mpole. Haina ukali wa Rougui. Inateleza, ina ladha ya mti mkavu na okidi, na ile ya miti ya miongo mingi ina harufu ya kuvu la mwituni, kama gogo lililoota ukungu wa kijani baada ya mvua. Wazee wanaipenda. Ukitaka kumtambulisha mama yako kwenye chai hizi, mpe Shuixian.

Na Da Hong Pao, Joho Kubwa Jekundu, ambayo kila mtu ameisikia. Kisa kinachosimuliwa ni cha msomi aliyeugua njiani akienda kufanya mitihani ya mfalme; watawa wa Wuyi wakampa chai, akapona, akafaulu, akarudi kuufunika mti ule kwa joho lake jekundu la cheo. Miti ya asili ipo hadi leo, sita, kwenye ukuta wa jabali la Jiulongke, na nimesimama chini yake nikaitazama. Tangu mwaka 2006 haichumwi. Gramu 20 za mavuno ya mwisho, ya 2005, zimewekwa kwenye Makumbusho ya Taifa ya China kule Beijing. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia "Da Hong Pao ya mti mama" anakudanganya. Miaka yangu ya mwanzo niliuziwa boksi la namna hiyo, lina kitambaa cha hariri na cheti chenye muhuri. Mzee wangu alipika mara moja, akanywa, akasema, "Hii ni Shuixian iliyounguzwa." Kumbe Da Hong Pao nyingi ya dukani ni mchanganyiko wa Rougui, Shuixian na nyinginezo, na hilo lenyewe si kosa: fundi mzuri huchanganya ili apate ukali wa moja na ulaini wa nyingine, kama mama anavyochanganya bizari zake. Uliza imechanganywa nini na nini. Muuzaji mkweli atakujibu bila kusita.

Jambo moja kuhusu yancha: ikitoka kwenye makaa usiinywe mara moja. Moto bado umo ndani, utasikia ladha ya masizi na koo litakauka. Inapumzishwa miezi kadhaa. Ukinunua iliyookwa karibuni, ifunge vizuri uisahau.

Halafu kuna Guangdong, kwenye mlima Fenghuang karibu na mji wa Chaozhou. Chai yake ni Dancong, maana yake kichaka kimojamoja, kwa sababu zamani kila mti ulichumwa na kutengenezwa peke yake ili harufu yake isipotee. Ndiyo maana huku chai zinaitwa kwa harufu. Mi Lan Xiang ni asali na okidi, na mgeni akiinywa huuliza kama imetiwa sukari. Xing Ren Xiang ni lozi. Maarufu kuliko zote ni Ya Shi Xiang, harufu ya kinyesi cha bata. Inasimuliwa kwamba mwenye mti aliipachika jina hilo baya ili majirani wasiutamani. Mwaka 2014 ikapewa jina jipya la heshima, Yin Hua Xiang, lakini sokoni watu wamebaki na bata. Usiliogope jina. Ukiifungua utapata ua jeupe lililochanua usiku. Kwangu mimi ni mlangilangi uliolowa umande.

Dancong ina nongwa moja: ukiizubalia inakuwa chungu. Sekunde kumi zikizidi tu kikombe kimeharibika. Nitaeleza kwenye kupika.

Zhangping Shuixian naitaja kwa haraka kwa sababu inasafiri vizuri: ni vipande bapa vya mraba vilivyofungwa kwenye karatasi, kipande kimoja kinatosha mara moja, na harufu yake ni ya okidi. Taiwan nao wana zao, kama Dong Ding iliyookwa kidogo, na ile ya Dongfang Meiren ambayo huhitaji wadudu wadogo waume majani kwanza ndipo ipate ladha ya asali. Hizo zinataka makala yake.

Sasa kupika. Wachina wa kusini hutumia gaiwan, bakuli dogo la kaure lenye kifuniko na kisahani, linalobeba kama mililita 110. Kama huna, birika dogo la udongo linafaa. Vikombe huhitaji kununua: vile vikombe vidogo vya kahawa visivyo na mkono, vya barazani kwetu, ndivyo hasa. Kwa kweli mtu aliyezoea kahawa chungu na kashata anaielewa meza ya chai ya Xiamen kuliko anavyodhani. Kule wanaweka gongtang, peremende ya karanga zilizosagwa, ukiitia mdomoni utasema ni binamu ya kashata.

Chemsha maji yachemke hasa. Oolong haiogopi maji ya moto, inaogopa maji vuguvugu. Osha bakuli na vikombe kwa maji hayo yapate joto, umwage. Tia gramu 7 au 8 za majani. Pakiti nyingi za China zimepimwa tayari kiasi hicho, pakiti moja ni mpiko mmoja. Kabla hujatia maji, funika majani makavu kwenye bakuli la moto, tikisa mara mbili, funua unuse. Hiyo ni hatua ninayowaomba watu wasiiruke, kwa kuwa moto wa bakuli unaiamsha harufu na hapo hapo utajua kama jani limeokwa, limechoka, au limeingia unyevu.

Mimina maji kutoka juu kidogo, kisha yamwage mara moja. Haya ni ya kuosha. Mimina tena. Tieguanyin ipe sekunde 15 hadi 20, kwani vijidonge vinahitaji muda wa kufunguka. Yancha sekunde 10. Dancong hesabu hadi tano umimine. Kila unapomimina, mimina yote hadi tone la mwisho. Maji yakibaki ndani yanaendelea kupika na raundi inayofuata itakuwa chungu. Nusa chini ya kifuniko kila mara. Harufu ya raundi ya kwanza ni ya moto, ya pili ni ya ua, na kuanzia ya tatu ndipo chai inasema ukweli wake. Usiihukumu kabla ya hapo. Kuanzia ya nne ongeza sekunde tano au kumi kila mara. Nzuri inafika raundi ya saba bado inanukia.

Kama huna subira hiyo asubuhi ya kazi, tia gramu 3 kwenye kikombe kikubwa, kijiko kimoja cha chai kwa vijidonge au fumba dogo la mkono kwa majani marefu, maji ya moto, dakika tatu, toa majani. Si sawa, lakini inanyweka. Sukari na maziwa acha. Naipenda chai ya maziwa ya tangawizi kama mtu mwingine yeyote wa Tanga, na kwa hiyo nina majani mengine kabisa.

Ukimpikia mgeni wa Kichina, usijaze kikombe. Kwetu kikombe kisichojaa ni uchoyo. Kwao kilichojaa ni kumfukuza mgeni, maana kinamuunguza vidole. Jaza sehemu saba kati ya kumi. Ukimiminiwa wewe, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante bila kukatiza mazungumzo. Na Chaozhou vikombe huwa vitatu hata mkiwa wanne. Asiyepata anasubiri raundi inayofuata, kikombe kinasuuzwa kwa maji ya moto, anapewa yeye.

Tahadhari moja iliyonifika mwilini. Asubuhi moja nilikaa na mzee tangu saa mbili, sijatia kitu mdomoni, tukanywa Rougui raundi baada ya raundi. Mara mikono ikaanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo unakwenda mbio. Aliniona, akanisukumia sahani ya gongtang, akasema, "Umelewa chai." Nilikula vipande vinne, baada ya nusu saa nikatulia. Kwa hiyo kula kwanza, na mwezi wa Ramadhani usifungulie nayo. Isubiri baada ya futari.

Kuhusu kununua, Guangzhou kuna soko la Fangcun, mitaa na mitaa ya maduka ya chai tupu. Ingia, kaa, sema unataka kuonja. Hakuna anayekasirika usiponunua, mradi umekaa kwa adabu. Bei hutajwa kwa jin, ambayo ni gramu 500, hivyo hakikisha mnazungumzia kipimo kimoja kabla ya kutoa pesa. Onja raundi tatu, halafu acha kikombe kipoe unywe kilichopoa. Chai mbovu hujificha kwenye joto; ikipoa uchachu na ukavu hutoka nje.

Ukifika nayo nyumbani, adui ni unyevu wa pwani. Tieguanyin nyepesi iache kwenye pakiti yake iliyovutwa hewa, uitie kwenye friji, mbali na samaki, na ukiitoa subiri pakiti ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo majani yatatoka jasho. Iishe ndani ya miezi michache. Zilizookwa hazitaki friji. Kopo la bati linalofunga barabara, kabati kavu, lisiwe lile la iliki na bizari. Maji ya kisima chenye chumvi yanaiua chai yoyote, tumia ya chupa.

Mkishakunywa, usitupe majani haraka. Yamimine kwenye sahani, uyafunue kwa kidole. Kwenye Tieguanyin nyepesi huenda usikute ukingo mwekundu, kwa sababu siku hizi wanaupukusa ili maji yasiwe mekundu, na kingo zitakuwa zimechanika. Kwenye Dancong tafuta ule mstari wa hina. Kwenye yancha iliyookwa vizuri jani litafunguka pole pole na mgongo wake utakuwa na vipele kama ngozi ya chura. Jani lililobaki gumu na jeusi kama mkaa baada ya raundi saba liliunguzwa kuficha kitu, na duka hilo usirudi.